Redio ya Kufunika Kilio

Mimi ni fundi cherehani, na ubaya wa kazi yangu ni kwamba niko nyumbani siku nzima. Mke wangu anafanya kazi kiwanda cha samaki. Anatoka asubuhi na mapema, anarudi jua likizama, amechoka hata salamu ni tabu. Watoto wako shule za bweni. Kwa hiyo mama wa mke wangu alipoletwa kutoka Majita na kidonda mguuni, mtu aliyebaki naye mchana kutwa nilikuwa mimi. Mimi mkwewe, jamani! Hata sasa nikiandika haya kijasho kinanitoka.

Kwetu Kisesa na kwao Majita tunatofautiana mengi, lakini kwa hili tuko sawa. Mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamkai chumba kimoja, hampeani mkono, humtazami usoni, huli mbele yake naye hali mbele yako. Ukimwona njiani anakuja, unaacha njia unapitia majanini. Vijana wa mjini wanacheka wanasema huo ni ushamba. Wacheke tu, mimi nililelewa hivyo na sijui kuishi vingine.

Sasa fikiria nyumba yetu ya Igogo, juu kule kwenye mawe. Sebule ambayo ndiyo kiwanda changu, na vyumba viwili. Kuta hazifiki juu, silingibodi hatujaweka mpaka leo. Mtu akijikuna chumbani, wewe wa sebuleni unasikia. Nikikohoa najua amesikia. Nikienda chooni najua amesikia, na nikirudi najua anajua nilikotoka. Nilianza kunywa maji kidogo kidogo ili nisiende mara nyingi, nikaishia kuumwa kichwa.

Kuongea naye ilibidi tuongee, maana mgonjwa hakosi shida. Mke wangu alikuwa amemwatamisha kuku kwenye beseni, pembeni mwa chumba kile, na huyo kuku ndiye alikuwa mjumbe wetu. "Wewe kuku," mama mkwe alikuwa akisema kule ndani, "hivi huko sebuleni wanajua kama maji yameisha?" Nami nainamia kazi yangu, najibu: "Wewe cherehani, maji nimeyaweka kwenye jagi, hapo chini ya pazia." Halafu natoka nje mpaka nisikie jagi limevutwa ndani. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyecheka.

Na mimi nilikuwa na mzigo mwingine rohoni. Mguu ule ulikuwa umeharibiwa na sukari. Daktari alimwita mke wangu na kaka yake mkubwa pembeni, akawaambia hautibiki tena, lazima ukatwe chini ya goti. Kwanza sukari ishushwe kwa sindano, halafu Jumatatu arudishwe hospitali. Ukiachwa, uozo utapanda na mama atakufa. Shemeji akaamua hapo hapo kwamba Mama asiambiwe. Alisema Mama akisikia neno kukata, atapanda gari kurudi Majita akafie huko. Basi mama wa watu akaambiwa Jumatatu anakwenda kusafishwa kidonda. Mimi sikupenda hata kidogo, lakini mkwe ana sauti gani kwenye mambo ya watoto na mama yao? Nikanyamaza.

Jumatano jioni mke wangu alinifuata uani, uso umemshuka.

"Mama anataka kuondoka. Anasema keshokutwa anarudi kwake."

"Ameambiwa?"

"Hajaambiwa. Anaondoka kwa sababu yako."

Hapo nilipanda moto. "Mimi? Mimi nimemfanya nini mama yako? Nachemsha maji, nafagia, hata kukohoa nimeacha!"

"Punguza sauti, anasikia. Hujamfanya kitu. Mchana mguu unamuuma mpaka anang'ata kanga. Hawezi kulia mkwe akisikia. Anasema bora akalie nyumbani kwake."

Ule ukimya wa mchana wote ule, mimi nilidhani mgonjwa amelala. Kumbe mtu alikuwa anateketea nyuma ya ukuta, amejaza kanga mdomoni kwa kuniheshimu mimi. Na akiondoka Ijumaa, hafiki mezani kwa daktari Jumatatu. Yaani masikio yangu ndiyo yangemuua mama mkwe wangu.

Nikasema basi nihame mimi. Nihamie wapi? Nilikuwa na sare za shule za watu mezani, na mgonjwa haachwi peke yake. Tukafikiria sabufa ya sebuleni. Lakini sabufa ningeiwasha mimi, na kuiwasha ingekuwa kama kumwambia haya sasa mama, anza kulia. Hapana. Ilitakiwa kitu cha kwake, cha mkononi, akizidiwa anakiwasha mwenyewe, analia humo humo kwenye nyimbo, na mimi nisijue. Mke wangu akanipa hela aliyokuwa ameweka ya gesi. Haikuwa ya kutamba nayo.

Alhamisi nilimwomba jirani akae mlangoni kwetu, nikashuka Mirongo kwa miguu. Nilisimama kwenye kibanda cha mama mmoja mwenye maneno mengi, aliyekuwa na redio ndogo zimepangwa kuanzia chini mpaka juu.

"Karibu baba. Unataka ya nini? Ya shambani, ya mtumbwini, ya kumpigia mke magoti?"

"Ya mgonjwa."

Akanipa ya kwanza, ina taa za rangi zinazunguka. Alipoiwasha, kabla ya wimbo, mwanamke akapayuka humo ndani kwa Kiingereza nikaruka. Nikamwambia hiyo weka, mgonjwa atakufa na presha. Ya pili ilikuwa na antena ndefu, inashika stesheni tu. Nikasikiliza kidogo. Wimbo ukaisha, mtangazaji akaanza kusoma matangazo ya vifo. Nikairudisha haraka. Ya tatu ilikuwa na mdundo mzuri, mpaka nikatikisa kichwa, lakini nilipombana kuhusu chaji akakiri ikifika mchana inazima. Na mimi mchana siwezi kuingia chumbani kuchomeka waya.

"Baba unachagua redio kama unachagua mchumba," akasema. "Haya, hii hapa."

Ya nne ilikuwa nyeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, vitufe vimeinuka hata kipofu angevipapasa. Inatumia memori kadi, nyimbo zinafuatana bila mtu kuongea katikati, na akaniapia kwamba chaji ya asubuhi inafika jioni. Bei yake niliiweza. Ilibaki jambo moja, na lilikuwa gumu kulisema.

"Mama, naomba unisaidie. Ingia nyuma ya hilo pazia, mimi nisimame ng'ambo. Iwashe, halafu uugue."

"Nifanyeje?"

"Uugue. Lia kama mtu anayeumwa mguu."

Alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani. "Baba, mkeo anajua uko huku?"

Wenzake wa kibanda cha pili wakaangua kicheko. Nikakasirika, masikio yakawa ya moto. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: ukuta, kanga, Ijumaa. Kicheko kikamwisha.

"Mkwe?"

"Mkwe."

"Na ukuta haufiki juu?"

"Haufiki."

"Mungu wangu! Mimi ni wa Ukerewe, hilo nalijua." Akajifunga kanga vizuri, akaingia nyuma ya pazia na redio yake.

Weee! Yule mama alijua kuugua. Alianza taratibu, akapandisha, akaita mama yake na bibi yake. Mwanamume mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi akasimama akaniuliza kama kuna mtu anajifungua. Mimi niko ng'ambo ya njia, nimekaza sikio.

"Nakusikia! Ongeza sauti!"

Akaongeza.

"Bado nakusikia!"

Akaongeza tena. Kwaya ikajaa njia nzima, na sauti yake ikapotea kabisa. Nikapiga kelele kwamba simsikii, na yeye akapiga kelele kwamba anaugua baba, anaugua mpaka koo linauma! Watu walikuwa wamejaa. Nilisikia aibu, lakini pia nilisikia nafuu ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku mgonjwa alipoingia kwangu.

Akaja kunijazia nyimbo kwenye kadi, akauliza mgonjwa anapenda zipi. Mimi na binti yake tuna watoto wanaoota ndevu, na sijui hata wimbo mmoja ambao mama mkwe wangu anaupenda. Nikamwambia aweke kwaya zenye sauti nyingi. Kabla sijaondoka alichukua simu yangu, akanionyesha kwamba redio ile inashika na simu pia, bila waya. Akaziunganisha, wimbo uliokuwa kwenye simu ukatokea kwenye redio. Nikamwambia mimi hilo sina haja nalo, akasema basi ni zawadi. Nikalipa nikapanda mlima.

Jioni mke wangu alimpelekea mama yake, akamfundisha: hiki cha kuwashia, hivi viwili vya sauti, hivi vingine usiguse. Mimi niko sebuleni, nimeshika mkasi sikati chochote. Halafu nikasikia: "Wewe kuku, mwambie aliyeileta, Mungu ambariki." Habari ya kuondoka Ijumaa haikutajwa tena. Mke wangu alilia jikoni kwa furaha, mimi nikajiona mwanamume.

Ijumaa mambo yalikwenda kama tulivyopanga. Asubuhi kwaya iliimba kwa upole, mimi nikashona. Lakini ilipofika kama saa nne hivi, sauti ikapanda. Ikakaa juu, ikashuka. Baadaye ikapanda tena, juu zaidi. Mguu wangu ukasimama kwenye pedeli. Kulia kwake sikukusikia, kweli kabisa, redio ilifanya kazi yake. Ila kila sauti ilipopanda nilijua sasa maumivu yamekuja, ilipoganda juu nilijua hayajaondoka, iliposhuka nilivuta pumzi pamoja naye. Zamani akiwa kimya sikujua lolote, sasa nilijua yote. Jirani alichungulia akaniuliza kama tumeokoka. Nikamjibu vibaya akaenda zake.

Jumamosi ilikuwa mbaya zaidi, maana tangu mke wangu aondoke sauti ilikuwa juu. Wanakwaya wanaimba haleluya mpaka bati linatetemeka, na mimi nimeshika suruali ya mtu, mikono haifanyi kazi. Nilikuwa nahesabu moyoni: leo, kesho, Jumatatu. Avumilie tu mpaka Jumatatu. Na hapo hapo nikawa najichukia, kwa sababu yeye alikuwa anavumilia akidhani anasubiri kusafishwa.

Mara kwaya ikakatika. Redio ikalia tii, kisha kimya. Nikasema afadhali, amepata nafuu, ameizima alale. Nikashukuru. Nikachukua simu mezani, maana ilikuwa imeingia ujumbe wa sauti kutoka kwa shemeji. Nikabonyeza nisikilize.

Simu haikutoa kitu. Nikapandisha sauti yake mpaka mwisho, nikaiweka sikioni, kimya. Nikaanza kuilaani. Ndipo nikasikia sauti ya shemeji yangu, nzito, imejaa nyumba nzima, inatoka nyuma ya ukuta.

"Shemeji, Jumatatu nafika mapema, karatasi za hospitali nitasaini mimi. Daktari hajabadilisha, ni chini ya goti. Mama asijue kitu mpaka mguu uwe umeshakatwa. Akiamka atakuta mambo yamekwisha, atalia, atazoea. Na wewe shemeji, funga mdomo wako..."

Nilibonyeza. Nikabonyeza kila mahali. Simu ikanitoka mkononi ikazama kwenye rundo la vitambaa, na mimi nikapiga magoti nafukua kama kichaa, na shemeji anaendelea, anasema habari ya nauli, anasema salamu kwa dada yake. Nilipoipata alikuwa amemaliza.

Baadaye ndipo nilielewa. Kutafuta sauti ya juu zaidi, alikuwa amegusa kitufe asichotakiwa kugusa, na redio ikaacha kadi ikadaka simu yangu, kama yule mama wa Mirongo alivyoziunganisha. Wakati ule sikuelewa chochote. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nimeshika simu kwa mikono miwili.

Kisha nikasikia kitanda kikilia. Mkongojo ukagonga sakafu. Ukagonga tena. Nikajua anakuja, anakwenda zake Majita, na mguu ule. Nikainuka nikasimama karibu na mlango wa nje. Akitokea nifanye nini? Nimkamate kwa mikono yangu, mama mzazi wa mke wangu? Au nimpishe akafe? Naapa nilitamani paa lituangukie wote wawili.

Mkongojo uliishia kwenye pazia. Chini yake niliona vidole vya mguu mzima, na bandeji.

"Mkwe," akasema.

Hakupitia kwa kuku. Tangu nimuoe binti yake hakuwahi kuniita.

"Naam, Mama."

"Huyo ni mwanangu."

"Ndiye, Mama."

"Ni kweli anayosema?"

Shemeji alikuwa ameniambia nifunge mdomo. Mke wangu alikuwa ameniomba. Ningeweza kusema anaongea habari ya mtu mwingine, na labda angekubali, kwa sababu alitaka kukubali, nilisikia hivyo kwenye sauti yake.

"Ni kweli."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, Mama."

Sauti yake ikawa kali. "Kwa hiyo hii redio mliniletea ili nisisikie mkinipanga."

Hilo lilinichoma nikasahau adabu. "Hapana! Mama, hapana! Redio nimeinunua mimi. Binti yako aliniambia unang'ata kanga. Nikainunua ili ulie, mimi nisikusikie."

"Na ulikuwa hunisikii?"

Nikatazama ukuta.

"Nilikuwa nakusikia, Mama. Ukiongeza sauti, nilijua."

Niliona vidole vile vikikunjika. Nilidhani ataanguka. Akaegemea fremu ya mlango.

"Juzi binti yangu alifungua bandeji akaniambia kidonda kinakauka," akasema. "Nilimshukuru Mungu. Nilimshukuru kwa sauti, na yeye akasema amina."

Niliokota kipande cha kitambaa sakafuni, nikakikunja.

"Mguu usipokatwa?"

"Daktari amesema utakufa."

"Ukikatwa?"

"Utaishi. Utatembelea magongo."

"Mpigie mwanangu. Sasa hivi."

Nikapiga. Simu ikaita kule ndani, kwenye redio, na shemeji akapokelea humo humo: "Ee shemeji, umenisikia?"

"Si shemeji," mama mkwe akasema. "Ni mimi."

Kumbe kile kidude kilikuwa kinasikia pia. Akamwambia: "Jumatatu uje. Lakini karatasi usiguse, dole gumba ninalo, nitaweka mwenyewe. Na kabla sijalazwa, utakaa mbele yangu uniambie kwa mdomo wako hayo uliyomwambia mkwe wangu." Kaka mtu, ambaye kwenye vikao anagonga meza watu wananyamaza, alijibu "Ndiyo Mama" kwa sauti ya mtoto. Redio ikalia tii, ikazimwa.

Nikasikia amerudi kitandani. Halafu akalia. Hakuweka kwaya, hakuweka kanga mdomoni, alilia mguu wake kwa Kijita kama watu wanavyolia msibani, akiutaja alikotembea nao. Kwa malezi yangu nilitakiwa nitoke mbio mpaka kwenye mawe huko. Sikutoka. Nilivuta stuli nikakaa upande wangu wa pazia, nikamsikiliza, na machozi yananitoka mimi pia.

Mke wangu alitukuta hivyo. Alisikia kilio tangu njiani, akaingia anahema, buti za kiwandani bado miguuni.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Anajua," nikamwambia. "Nenda ukamwambie na wewe."

Akaweka mfuko chini. Akaenda mpaka kwenye pazia, akalishika ukingo, akasimama hapo hapo. Yeye mtoto wake wa kumzaa, mwenye ruhusa zote za chumba kile, hakuweza kuingia.